Karatasi ya Mwisho wa Kamba

Hapo zamani, na wewe uliyekaa nyuma usinigunie, zamani yangu si ile ya sungura na fisi. Zamani yangu ni ya juzi, mvua za mwaka juzi. Katika mji wa Kandyembe, kule milimani kwenye baridi, kulikuwa na ofisi ya chumba kimoja yenye watu wanne, na ndani ya ofisi hiyo kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo.

Kamba, ndiyo. Ilifungwa kwenye msumari wa karibu na mlango, ikavuka chumba kizima juu ya vichwa vya watu, ikafungwa kwenye msumari wa ukuta wa ndani. Halikuanikwa shati wala soksi. Zilianikwa karatasi, kila karatasi na kibanio chake, na kila karatasi iliandikwa kasoro moja ya programu waliyoitengeneza watu hao wanne. Mgeni mrefu akiingia ilimbidi ainame, la sivyo anatoka na kasoro zimemnasa nyweleni.

Programu yenyewe iliitwa Niite. Mtu anajiandikisha jina lake, kundi lake la damu na namba ya simu. Kituo kikiishiwa damu kinaomba, na Niite inatafuta watu wa kundi hilo walio karibu, inawapigia, inawaambia njoo unahitajika. Aliyetoa damu karibuni haitwi, anapumzishwa miezi mitatu mwili umrudie. Basi, ni hivyo tu. Kuieleza ni dakika moja, kuitengeneza ni miaka miwili ya watu kuumwa migongo.

Mwenye kamba alikuwa Tusekile. Jina lake la huku huku milimani, malezi yake ya Morogoro, kwenye nyumba za reli. Alirudi kwa wazazi wake akiwa na kompyuta mbili na msimamo mmoja, na msimamo wenyewe ulikuwa huu: siku mbili za kufua, siku tatu za kujenga. Jumatatu na Alhamisi wanashughulikia kasoro, hizo ndizo siku za kufua. Jumanne, Jumatano na Ijumaa wanajenga kitu kipya, na siku hizo hata kasoro ipige kelele namna gani haiguswi, labda iwe inaua.

Na kila kasoro, kabla haijaanikwa, iliulizwa maswali matatu. Inamuumiza nani? Inamuumiza mara ngapi? Ina njia ya kuzunguka? Ikiumiza wengi, kila siku, na njia ya kuzunguka hakuna, inakwenda kwenye kibanio cha kwanza, pale mlangoni, inakopepea kila mlango ukifunguliwa. Ikiumiza mmoja, siku mojamoja, inasogezwa huko ndani. Isiyojulikana inamuumiza nani inakwenda mwisho kabisa, na ikikaa wiki mbili bila mtu kuleta neno jipya, inabanduliwa.

Mnaona rahisi, eh? Kaeni nyinyi kwenye kiti kile wiki moja. Karatasi zilikuwa arobaini na tatu. Kila moja ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na simu ya kumgombeza Tusekile. Mkubwa mmoja wa wilaya alitaka programu imchoree picha za rangi za kuonyesha kwenye mikutano, akapiga mara sita, mara ya saba akaja mwenyewe. Tusekile alimpa kiti, akampa chai, akamwambia kwa heshima zote kwamba picha za rangi hazitaguswa mpaka mvua ziishe. Mkubwa aliondoka amevimba. Tusekile akakaa chini, akaendelea na kazi.

Kwa nini mpaka mvua ziishe? Kwa sababu ya bonde la Masyabala. Huko bondeni kuna kituo cha afya kizuri, kina mkunga, kina tabibu, kina kila kitu isipokuwa mtandao wa kueleweka. Niite ilikuwa inahitaji simu za kupangusa, na bonde zima zilikuwepo labda ishirini. Wengine wote wana simu za kitochi. Na mvua zikikolea, barabara ya bondeni inakatika, inakaa wiki tatu, nne, hakishuki kitu wala hakipandi. Damu ya hospitali ya mjini inabaki mjini. Mwaka wa nyuma yake, barabara ikiwa imekatika hivyo, walizikwa kinamama wawili, na mmoja wao alisoma darasa moja na mamake Tusekile.

Kwa hiyo lengo lilikuwa moja, Tusekile aliliandika ukutani kwa mkaa: bonde liingie Niite kwa vitochi, kwa meseji na kwa kupigiwa, kabla barabara haijakatika. Walikuwa na wiki sita.

Sasa niwataje wengine watatu, maana kesi yetu ni yao pia.

Mjenzi alikuwa Gwakisa. Nisimfichie, alikuwa na kiburi. Aliingia ofisini na vipokea sauti masikioni, akisalimiwa anainua kidole. Lakini mikono yake, jamani! Alichojenga Gwakisa kilisimama. Kazi ya vitochi alipewa yeye, na Jumatatu ya kwanza tu, siku ya kufua, alikataa kufua.

"Dada Tuse," alisema bila kugeuka, "nikishika kasoro leo, bondeni hatufiki."

Tusekile alijua huo ni uvunjaji wa utaratibu, tena mbele ya wenzake. Alijua pia kwamba Gwakisa amepiga hesabu sawa. Akajifanya hakusikia. Siku kumi za kufua zikapita Gwakisa anajenga, na Tusekile kila Jumatatu na kila Alhamisi anajifanya hakuona.

Mfuaji, kwa maana hiyo, akabaki mmoja, naye ni Lugano. Huyu kabla ya kompyuta alikuwa fundi redio pale stendi. Maneno yake machache, uvumilivu wake mwingi. Kwao walizaliwa tisa na walikuwa na simu moja, iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Wiki baada ya wiki alifua peke yake kasoro za watu wawili, akianzia mlangoni kama alivyoagizwa, na hakumnung'unikia mtu.

Wa nne ni Mama Bupe, nesi mstaafu, mpokea simu na mwandikishaji. Kompyuta aliijua kwa kubonyeza tu, kilichomo ndani alisema ni mambo ya vijana. Lakini watu aliwajua. Aliyepiga simu akilia aliachwa alie mpaka amalize, kisha Mama Bupe anaandika karatasi kwa mwandiko wake wa kulala, anampa Tusekile aulize maswali yake.

Siku moja Mama Bupe aliandika karatasi hii: "Mkamwana wa nyumba moja ya bondeni. Alikuwa anaitwa kutoa damu, sasa haitwi. Simu anayotumia hataki kusema ni ya nani."

Tusekile akauliza. Inamuumiza nani? Mwanamke mmoja asiyetaja namba wala mwenye namba. Inamuumiza mara ngapi? Haijulikani. Ina njia ya kuzunguka? Gwakisa alicheka, akasema hivi hata kuachwa upumzike nako ni kulalamikiwa. Karatasi ikaenda mwisho wa kamba. Wiki mbili zikapita, hakuna neno jipya, ikabanduliwa.

Mama Bupe akaiandika tena. Ikabanduliwa tena. Akaiandika mara ya tatu. Tusekile, ambaye siku hiyo alikuwa amegombezwa na watu watano, alimwuliza kwa upole kwamba, mama, mbona hii hairudi na jipya lolote? Mama Bupe akajibu kuwa jipya halipo, ni lile lile. Ikabanduliwa. Akaiandika mara ya nne.

Hapa ndipo penye kosa, na ni kosa la watu wa huku, halitokei kwingine. Bondeni zipo nyumba ambazo bado zinashika adabu ya zamani. Mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina, wala hakutani naye uso kwa uso. Akimwona njiani anachepuka, anapita migombani. Sasa mwambie mkamwana kama huyo ataje simu ni ya nani, wakati simu ni ya baba mkwe! Atanyamaza. Mama Bupe alilijua hilo tangu yuko mgongoni kwa mamake, akadhani kila mtu ofisini analijua, na kwake kulifafanua ilikuwa sawa na kumvua nguo mke wa watu. Na Tusekile, malezi ya Morogoro, hakulijua. Mmoja hakueleza kwa sababu ya heshima, mwingine hakuuliza kwa sababu hakujua kuna cha kuuliza. Karatasi ikaning'inia mwisho wa kamba.

Wiki ya tano, Ijumaa, Gwakisa alivua vipokea sauti akasema imekwisha. Kitochi kinaomba, kitochi kinaitwa. Walijaribu mara ishirini, mara zote ishirini ikaita. Mama Bupe akapanda gari la mizigo Jumatatu, akashuka bondeni, akaandikisha watu siku tatu mfululizo kwenye soko na makanisani, miaka sitini na mguu mmoja mbovu, akarudi Jumatano jioni na majina mia sita na matope mpaka magotini.

Alhamisi, siku ya kufua. Wingu limetanda. Tusekile alimpa Lugano karatasi ya kibanio cha kwanza: ombi la damu likiingia, mara nyingine orodha inaganda, haianzi kupiga mpaka mtu abonyeze tena. Iliumiza wengi, iliumiza mara kwa mara. Njia ya kuzunguka ilikuwepo, kubonyeza tena, lakini ilihitaji mtu awe amekaa hapo anatazama. Tusekile alimwambia Lugano akaifue hiyo, asishike nyingine.

Lugano aliishika. Lakini alipoinua shingo kuinyoosha, macho yakaangukia mwisho wa kamba, akaona mwandiko ule ule, mara ya nne. Akajiuliza, mtu mzima anaandika jambo moja mara nne kwa nini? Akainuka, akamfuata Mama Bupe uani anakokosha matope ya viatu, akamwuliza taratibu. Mama Bupe akatazama huku na huku, akamwambia kwa sauti ya chini.

"Ni simu ya baba mkwe wake, mwanangu, moja ya zile ishirini za kupangusa. Mzee ndiye aliyetoa damu, miezi miwili na kitu iliyopita."

Lugano akaelewa papo hapo. Mtoto wa nyumba ya watu tisa na simu moja hakuhitaji zaidi ya hapo. Ndani ya Niite, namba ya simu ndiyo mtu. Mzee katoa damu, namba imepumzishwa, basi na mkamwana amepumzishwa, na shemeji amepumzishwa, nyumba nzima imepumzishwa miezi mitatu kwa mkono wa mmoja. Mjini, kila mtu na simu yake, haionekani. Bondeni, alirudi ndani akahesabu: majina mia sita, simu mia na arobaini.

Akaiweka ya mlangoni chini, akashika ya mwisho wa kamba. Hakumwambia mtu. Alhamisi nzima, na Ijumaa nzima ambayo ni siku ya kujenga, alikuwa anamtenganisha mtu na namba, ili kila mmoja apumzike kwa mwili wake mwenyewe. Ijumaa alasiri Tusekile akagundua kwamba kibanio cha kwanza bado kina karatasi yake. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

"Nani alikutuma mwisho wa kamba?" akamwuliza.

"Dada, hii ilikuwa ya kwanza," Lugano akajibu. "Tuliisoma vibaya tu."

Akamweleza. Tusekile alisikiliza mpaka mwisho, hasira ikamgeukia mwenyewe. Maana aliyeisoma vibaya ni yeye, tena mara nne, na aliibandua kwa mkono wake mwenyewe. Akasema kazi hiyo iingizwe, na ya kugandisha orodha ifuliwe Jumatatu.

Jumamosi mvua ikashuka. Si mvua ya kusimulia. Jumapili barabara ya bondeni ikakatika sehemu tatu, na Jumatatu umeme haukuwepo Kandyembe nzima, hakikufuliwa kitu.

Jumanne, saa nne asubuhi, umeme umerudi. Ikaingia meseji, imetumwa kwa kitochi cha tabibu wa Masyabala: kundi O, chupa tatu, haraka.

Mzazi aliitwa Atuganile. Mtoto alikuwa ameshatoka salama, wa kike, analia vizuri. Mama yake ndiye aliyekuwa anakwenda. Damu ilikuwa haikatiki, na jokofu la kituo lilikuwa tupu.

Na orodha ikaganda.

Saa nne ni saa ya chai. Mama Bupe alikuwa ameshashika kikombe, ameshasogeza kiti ainuke aende uani. Akatupa jicho kwenye kioo, akaona ombi limeingia na hakuna anayepigiwa. Akaketi. Akabonyeza. Ikaganda. Akabonyeza. Ikaganda. Lugano anahangaika pembeni, Tusekile amesimama nyuma ya kiti ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mara ya tatu Mama Bupe alibonyeza, na Niite ikaanza kupiga. Kila kuganda kulikula dakika tano, robo saa nzima ilikuwa imekwenda. Muulizeni mkunga yeyote robo saa ya namna hiyo ina maana gani.

Wa kwanza kupokea alikuwa Mwasomola, mchoma matofali, mwenye kitochi kilichofungwa raba, aliyeandikishwa Jumanne ya wiki iliyopita. Aliacha tanuri likiwaka. Halafu simu ikaita nyumbani kwa Mzee Mwaisumo. Mzee mwenyewe akapokea. Sauti ikasema anaombwa Enesi, kundi O. Enesi ni mkamwana wake, yule yule wa karatasi. Mzee angefanyaje? Hasemi naye, hakutani naye. Akatoka mbio mpaka uani kwa mkamwana, akaiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, inasema yenyewe kwa sauti kubwa, akarudi nyuma hatua kumi na kugeuza uso. Enesi akatoka jikoni, akasikia jina lake, akafunga kanga, akaondoka. Simu haijapoa ikaita tena, safari hii anaombwa shemeji yake mdogo. Naye akaondoka.

Chupa tatu. Mmoja kwa njia ya kitochi, wawili kutoka kwenye simu ambayo wiki moja nyuma ingekuwa imelazwa. Tabibu baadaye alisema mbili zisingetosha. Atuganile alifumbua macho saa nane mchana, akaomba uji.

Wiki tatu zikapita, barabara ikapitika. Siku ya Jumatano, akaingia ofisini mwanamume na mkungu wa ndizi begani, akainama kupisha kamba. Akajitambulisha, ni Asajile, mume wa Atuganile. Alisalimia mmoja mmoja, kwa Mama Bupe akapiga goti nusu. Kisha akasema kilichomleta.

Kwao mtoto aliyeponea, au ambaye mamake ameponea, huitwa jina la aliyewaokoa. Ndugu wamekaa, wamezungumza. Waliotoa damu wameshukuriwa kwa jogoo na kitambaa, na wenyewe wamekataa jina, kwa sababu wote watatu ni wa ukoo, wa kuzaliwa au wa ndoa, na damu ya ukoo haidaiwi jina. Mkunga naye amekataa, bondeni wapo watoto kumi na wawili wenye jina lake na anasema wanamchanganya. Limebaki la huku, la watu wa programu. Jumamosi mtoto anatolewa nje kuonyeshwa ukoo, na hana jina.

Tusekile akamwambia, kwa shukrani, kwamba kazi ile ni ya wote wanne.

"Ndiyo, dada," Asajile akasema. "Lakini mtoto habebi ofisi nzima. Jina moja. Wewe ndiye mkubwa hapa, utuambie ni la nani."

Alipoondoka, kamba ilikuwa bado inalia kwenye msumari. Gwakisa ndiye aliyeanza, na alivua kwanza vipokea sauti.

"Mimi sitaona haya kusema," akasema. "Tabibu aliomba kwa kitochi, Mwasomola aliitwa kwa kitochi. Njia hiyo niliijenga mimi. Na ningefua kila Jumatatu na Alhamisi kama nilivyoagizwa, ningemaliza barabara ikiwa imeshakatika, na Mama Bupe asingeshuka kuandikisha hata mtu mmoja. Mlininunia, nilijua. Ningekuwa mtiifu, yule mama angezikwa."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu ni kweli. Wakamtazama Lugano. Lugano akatazama vidole vyake.

"Chupa mbili zilitoka kwenye karatasi ya mwisho," alisema. "Niliishika bila kutumwa. Lakini niliacha ya kwanza, na ya kwanza ikala robo saa. Siku hizi nikisikia saa inagonga nawaza robo saa ile. Mniongeze au mnipunguze, sijui."

Mama Bupe akakohoa. Alisema yeye hajui kuandika programu, anajua kuandika karatasi, na ile aliiandika mara nne. Ingekuwa mara tatu, Lugano angekuta mwisho wa kamba patupu. Majina mia sita aliyafuata kwa mguu mbovu. Na asubuhi ile chai yake ilipoa mezani. Kisha sauti ikamshuka.

"Lakini neno moja tu, baba mkwe, ningelisema siku ya kwanza. Nililimeza kwa aibu miezi miwili. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani."

Tusekile hakujitetea. Ni Gwakisa, wa kiburi, aliyemsemea, na Tusekile alishangaa mpaka akageuka. Gwakisa alisema kwamba wasisahau picha za rangi. Wasisahau karatasi arobaini na tatu, kumi na moja zimefuliwa, na thelathini na mbili zimeachwa kwa makusudi, na kila iliyoachwa Tusekile ametukanwa kwa ajili yake ili wao watatu wasitukanwe. Bila mtu wa kusema hapana, kitochi kisingejengwa mwaka huo wala mwaka uliofuata. Na yeye Gwakisa kuvunja utaratibu, nani aliyefumba macho makusudi?

"Na aliyeibandua ile karatasi ni nani?" Tusekile akauliza.

Akachukua karatasi mpya, akaandika: "Mtoto wa Atuganile hana jina." Akaiuliza maswali yake. Inamuumiza nani? Mtoto. Inamuumiza mara ngapi? Kila akiitwa. Ina njia ya kuzunguka? Alifikiri sana juu ya hilo. Hakuna. Akaibana kwenye kibanio cha kwanza, mlangoni, na siku mbili zote kila aliyeingia iligusa paji lake la uso.

Jumamosi wote wanne walikuja ofisini, japo si siku ya kazi, kila mmoja na nguo ya heshima. Mama Bupe akapiga namba ya Mzee Mwaisumo, kaka mkubwa wa babake Asajile, ambaye uani kwake ukoo ulikuwa umekusanyika. Wakasikia watu wengi, wakasikia mtoto analia, kisha sauti ya mzee ikiwaambia kwamba simu ameiweka juu ya kinu na kila mtu anasikia, hata mkamwana wake aliyeko upande wa pili wa ukuta. Haya, akasema, semeni.

Tusekile akawatazama wenzake mmoja baada ya mwingine. Akaitazama kamba. Akavuta pumzi.

Nami hapo natua mzigo wangu, sisogei hata hatua. Alikuwepo aliyejenga kwa kukataa kufua. Alikuwepo aliyefua kwa kukataa kutumwa. Alikuwepo aliyeandika mara nne na kumeza neno moja. Na alikuwepo aliyepanga yote, akakosea moja. Simu iko hewani, ukoo umenyamaza, hata mtoto amenyamaza.

Je, nani alistahili? Semeni upesi, salio linakwisha: mtoto aitwe nani?